Usiuze Cherehani ya Ayeeyo kwa Kilo

Niseme maoni yangu mapema ndio tusipoteze wakati. Ile cherehani nyeusi ya miguu iliyofunikwa na shuka pale kona ya nyumba, ile mnawekea simu juu zikichaji, ina historia ya watu wetu kuliko vitabu vingi tulivyosomeshwa shuleni. Ukiwaita watu wa chuma chakavu waipime kwa mizani, utapata pesa ya kula siku mbili tatu, na hutaipata tena.

Najua jibu lenu: "Lakini haishoni." Sawa. Ndio maana leo nataka tufanye mambo mawili pamoja. Tujue ilifikaje hapa, halafu tuifungue tuone shida iko wapi. Kwa hii mashine, ukielewa moja umeelewa na nyingine.

Ilitoka mbali

Mashine ya kushona ilipozaliwa, mafundi wenyewe waliiogopa. Mwaka 1830 Mfaransa mmoja, Barthélemy Thimonnier, alisajili mashine yake na kuanza kushona sare za jeshi huko Paris. Mwaka uliofuata mafundi nguo walivamia karakana wakazivunja, wakidhani wataachwa bila kazi. Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani akasajili mashine yenye tundu la sindano karibu na ncha, na nyuzi mbili, mmoja juu mmoja chini. Mwaka 1851 Isaac Singer akasajili ya kwake, ambayo sindano inapanda na kushuka wima na kuna mguu wa chuma unaokandamiza kitambaa. Angalia yenu hapo nyumbani. Bado ni hivyo hivyo.

Kampuni ya Singer haikushinda kwa chuma peke yake. Kuanzia miaka ya 1850 iliwaruhusu watu kuchukua mashine na kulipa kidogo kidogo. Hiyo lipa polepole ambayo leo tunachukulia simu na pikipiki, cherehani ilitangulia kitambo. Halafu ikajenga kiwanda kikubwa Clydebank, Scotland, sehemu inayoitwa Kilbowie, kilichofanya kazi kuanzia miaka ya 1880 hadi kikafungwa 1980. Kama yenu ni Singer na jina la modeli linaishia na herufi K, kwa mfano 15K, hiyo K ni ya Kilbowie. Na kama ni Butterfly ya China, mara nyingi ni nakala ya hiyo hiyo modeli ya 15. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajapani waliinakili, na Wachina na Wahindi pia wakatengeneza za namna hiyo. Ndio maana vipuri vyake vingi havijapotea sokoni mpaka leo.

Halafu ikafika kwetu

Hapa ndipo historia yetu inakuwa tofauti na ya Nairobi au Mombasa. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza NFD, yaani Northern Frontier District, kuwa eneo lililofungwa. Kuingia ni kibali, kutoka ni kibali. Uhuru ulipokuja tukadhani mlango umefunguka, lakini tarehe 28 Desemba 1963, siku 16 tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa kwa sababu ya vita vya Shifta. Vita vilikwisha 1967. Sheria za hali ya hatari zilikaa mpaka 1991. Hesabu mwenyewe: kizazi kizima kilizaliwa, kikaoa, kikazaa, chini ya sheria ambazo Wakenya wengine hawakuwa nazo.

Kuanzia 1966 familia nyingi zilikusanywa kwenye vijiji vya kulindwa, na mifugo mingi ikapotea. Ukame wa miaka iliyofuata ukamalizia. Sasa fikiria. Wewe ni mfugaji, ngamia wameisha, umeingia mjini kwenye bulla. Unakula nini? Kuuza chai. Kuuza maziwa ya wenzako. Kubeba mizigo. Au kushona.

Kushona hakukutaka shamba. Hakukutaka cheti. Hakukutaka stima, ambayo bulla nyingi hazikuwa nayo hata hivyo. Kulitaka miguu miwili, kivuli cha mti au baraza la duka, na mashine moja. Macawiis ya mzee inauzwa kitambaa wazi, lazima mtu aunganishe ncha zake mbili. Sare za shule lazima zishonwe. Hijabu, dirac, mapazia, magunia yaliyopasuka, zote zinapita chini ya sindano. Somali wanaiita harqaan, Waswahili cherehani. Kila nyumba iliyokuwa nayo ilikuwa na njia moja ya kula ambayo haikufa na ukame.

Novemba 1980 mtaa wa Bulla Kartasi hapa Garissa ulichomwa moto wakati wa operesheni ya usalama. Watu walipoteza jamaa na kila kitu walichokuwa nacho. Hiyo imo kwenye ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Baada ya hapo walianza upya, na wa kuanza upya anaanza na kazi ya mikono. Miaka ya 1990, Somalia ilipovunjika, kambi za Dadaab zikafunguliwa, na kule Eastleigh nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge ikageuka kuwa soko la watu kuuza nguo na vitambaa vyumbani. Mwaka 2020 corona ilipoingia, mafundi wakimbizi wa Dadaab walishona barakoa. Angalia mstari huo: kila mara mambo yakiharibika, kuna mtu ameketi kwenye cherehani.

Shida yangu ni hii. Historia ya kaskazini mashariki iliyoandikwa, kwa sehemu kubwa, ni ripoti za usalama. Operesheni, msako, kafyu, idadi ya waliokufa. Ni kweli na lazima isemwe. Lakini ukisoma hiyo peke yake utadhani babu zetu walikuwa wanakufa tu, hawakuwa wanaishi. Nani aliandika vile walivyojilisha? Karibu hakuna. Ushahidi wake uko kwenye kona ya nyumba, umefunikwa na shuka.

Sasa tuifungue

Huhitaji kuwa fundi. Tafuta bisibisi ndogo, brashi ya meno iliyochakaa, kitambaa, mafuta ya taa kidogo na mafuta ya cherehani. Anza kwa kutoa sindano, ndio usijitoboe. Kisha kumbuka kitu kimoja: sindano inashusha uzi wa juu, chini kuna ndoano inayodaka kitanzi cha huo uzi na kukizungusha kwenye bobini. Karibu kila shida ni kwamba hapo katikati kuna kitu kimezuia.

Gurudumu halizunguki? Usilazimishe. Vumbi la Garissa unalijua, na mafuta ya zamani yakikauka yanakuwa kama gundi. Toa kesi ya bobini, fungua pale inapokaa, utapata vipande vya uzi vya miaka mingi. Vitoe vyote. Weka tone la mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinasugua chuma, zungusha polepole kwa mkono mbele na nyuma, uiache usiku mzima. Kesho pangusa, kisha weka mafuta ya cherehani. Na tafadhali walaal, mafuta ya kupikia hapana. Leo yatalainisha, baada ya muda yatakuwa gundi nyingine.

Gurudumu linazunguka lakini sindano haisogei? Angalia kile kirungu kilicho katikati ya gurudumu la mkono. Hulegezwa mtu akijaza bobini, halafu husahaulika. Kikaze. Cherehani ngapi zimeitwa mbovu kwa sababu ya hicho tu!

Inaruka mishono? Badilisha sindano kabla ya kulaumu kitu kingine. Mashine hizi za nyumbani hutumia sindano iliyoandikwa HAx1, ambayo shina lake lina upande mmoja bapa. Ile ya DBx1 ina shina la mviringo, ni ya mashine za kiwandani, na dukani ni rahisi kupewa hiyo ukisema tu "sindano ya cherehani." Upande bapa utazame kule ndoano iliko. Uzi uingie kutoka upande wa pili, ule wenye mfereji mrefu. Isukume mpaka juu kabisa kabla ya kukaza.

Uzi unafanya kiota chini ya kitambaa? Watu hukimbilia kulaumu bobini, na kumbe shida mara nyingi iko juu. Uzi haujaingia kati ya vile visahani viwili vinavyoubana. Inua mguu wa kukandamiza, toa uzi wote, upitishe upya kila mahali. Mguu ukiwa juu, visahani vinaachia na uzi unaingia vizuri.

Kitambaa hakisogei? Yale meno ya chini yamejaa manyoya ya kitambaa, au kirekebisho cha urefu wa mshono kimewekwa kwenye sufuri. Safisha meno kwa brashi, kisha shusha kirekebisho kidogo.

Na mkanda wa ngozi ukilegea hadi miguu inakanyaga bure, toa pini yake, kata kipande kidogo, toboa tundu jipya, funga tena. Kisha hakikisha gurudumu la mkono linakuja upande wako unapokanyaga. Likirudi nyuma, uzi utakatika au kujisokota. Hiyo ni mazoezi ya miguu tu, jaribu bila uzi mpaka izoee.

Sio kila moja itapona. Kichwa kikipasuka chuma chenyewe, au shafti ikipinda, hapo mtafute fundi, na umlipe vizuri bila kumwombea bei ya urafiki. Lakini nyingi hazijafika huko. Zimekauka tu.

Ona sasa vile mambo yanaungana. Hii mashine inafunguka kwa bisibisi, na iliuzwa hata kwa watu walioishi mbali na kiwanda. Na kwetu umbali ulikuwa mkubwa zaidi. Kwa miongo mingi ukivuka Garissa kwenda Wajir na Mandera, lami ilikuwa imeisha, na mvua ikinyesha lori linakaa njiani siku kadhaa. Mwenye kusubiri kipuri hakuwa anakula. Kwa hivyo walijifunza kusikiliza mashine, kujua mlio wa kiu ya mafuta na mlio wa sindano butu. Huo ni ujuzi, hata kama hakuna aliyewapa cheti.

Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya chuma chakavu nchini kwa sababu ya wizi wa vyuma vya stima, halafu mwaka huo huo ikairudisha kwa leseni. Kwa hivyo wanunuzi wako, na wataendelea kupita na mikokoteni. Wao wanafanya kazi yao, siwalaumu. Wanapima uzito. Kazi ya kujua kile kisichoingia kwenye mizani ni yako.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla hujagusa bisibisi, keti na ayeeyo au na yeyote aliyeitumia. Muulize maswali matatu. Ilinunuliwa mwaka gani? Ilibadilishana na nini: pesa, mbuzi, au deni? Kitu cha kwanza kushonwa juu yake kilikuwa nini? Rekodi sauti yake kwenye simu. Soma namba iliyopigwa kwenye chuma, uipige picha. Halafu mwambie akae karibu akuelekeze wakati unaweka mafuta, kwa sababu nakuhakikishia, mkono wake bado unakumbuka uzi unapita wapi.