Nepal: historia ya siasa

Nepal ni nchi ya milima ya Himalaya isiyo na pwani, iliyopakana na China upande wa kaskazini na kuzungukwa na India pande nyingine zote. Haikuwahi kutawaliwa kama koloni. Tangu karne ya 18 siasa zake zimekuwa mvutano kati ya ikulu ya mfalme, koo kubwa zilizoshika jeshi na serikali, na wananchi waliodai haki ya kujiandikia katiba. Haki hiyo waliahidiwa mwaka 1951, na katiba yenyewe ikapatikana mwaka 2015.

Kabla ya nchi kuwa moja, bonde la Kathmandu lilikuwa na falme tatu za ukoo wa Malla: Kathmandu, Patan na Bhaktapur. Miji hiyo imekaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kuizungukia yote kwa miguu kwa siku moja. Ilitajirika kwa biashara kati ya India na Tibet, lakini watawala wake hawakupatana. Prithvi Narayan Shah, aliyerithi ufalme mdogo wa Gorkha mwaka 1743, alijinufaisha na uhasama huo. Mwaka 1744 aliteka Nuwakot, ngome iliyolinda njia ya Tibet, kisha akaufunga mlango mmoja wa bonde baada ya mwingine. Mji wa Kirtipur ulimrudisha nyuma kabla ya kuanguka mwaka 1767. Septemba 1768 askari wake waliingia Kathmandu wakati wakazi wakiwa katika sherehe za Indra Jatra. Bhaktapur ilitekwa mwaka uliofuata. Prithvi Narayan aliifananisha nchi yake na kiazi kikuu kilichobanwa na mawe mawili, na hadi leo mfano huo hutajwa kila panapojadiliwa uhusiano wa Nepal na majirani zake.

Warithi wake waliendelea kupanua mipaka mpaka wakagongana na Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India. Vita vya 1814 hadi 1816 vilimalizwa na Mkataba wa Sugauli. Nepal ilipoteza Kumaon na Garhwal upande wa magharibi, Sikkim upande wa mashariki, na sehemu kubwa ya tambarare ya Terai. Ilibaki huru, ila ililazimika kumpokea mwakilishi wa Waingereza mjini Kathmandu. Ushupavu wa askari wake uliwavutia maadui zao, na huo ukawa mwanzo wa Wanepali, waitwao Gurkha, kuandikishwa katika jeshi la Uingereza, desturi ambayo haijakoma.

Usiku wa tarehe 14 Septemba 1846, baada ya kipenzi wa malkia kuuawa, wakuu wa nchi waliitwa Kot, ua wa ghala la silaha karibu na ikulu. Walikuja kwa haraka, wengi bila walinzi wa kutosha, na nje walikuwa wamepangwa askari wa kamanda Jung Bahadur Kunwar. Kulipopambazuka, makumi ya watu wa koo kuu walikuwa wamekufa, na Jung Bahadur akawa waziri mkuu. Baadaye alijipa jina la Rana, na ukoo wake ukatawala miaka 104. Uwaziri mkuu ulirithiwa, kwa kawaida kutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Katika maandishi mfalme alibaki juu: yeye aliandikiwa neno Shri mara tano na waziri mkuu mara tatu. Lakini mwenye Shri tano alikaa ndani ya kuta zake kama mfungwa, na mwenye Shri tatu ndiye aliyekusanya kodi na kuamuru jeshi.

Haitakuwa haki kusema kwamba enzi ya Rana haikuacha kitu. Sheria kuu ya mwaka 1854 iliunganisha kanuni za nchi nzima, ingawa ilipanga hata adhabu kwa kufuata tabaka la mtu. Waziri mkuu Chandra Shumsher alipiga marufuku kuchomwa kwa wajane mwaka 1920, akakomesha utumwa miaka michache baadaye, na mwaka 1923 akapata mkataba ambao Uingereza iliutambua uhuru wa Nepal. Elimu, hata hivyo, iliogopwa, na upinzani pia. Januari 1941 wapinzani wanne waliuawa, wawili kwa kunyongwa na wawili kwa risasi.

Novemba 1950 Mfalme Tribhuvan aliaga kwamba anakwenda kuwinda na familia yake. Njiani magari yalikata kona yakaingia ubalozi wa India. Watawala wa Rana walimtawaza mjukuu wake Gyanendra, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa ameachwa nyuma. Wakati huohuo wapiganaji wa chama cha Nepali Congress walianza mashambulizi kutoka mpakani. Baada ya mazungumzo ya Delhi, Tribhuvan alirudi, na Februari 1951 akatangaza kwamba katiba itaandikwa na bunge la katiba litakalochaguliwa na wananchi.

Bunge hilo halikuitishwa. Mwana wa Tribhuvan, Mfalme Mahendra, alitoa katiba yake mwenyewe, ndipo uchaguzi wa kwanza ukafanyika mwaka 1959. Nepali Congress kilipata viti 74 kati ya 109, na B. P. Koirala akawa waziri mkuu. Serikali yake ilianza kufuta umiliki wa ardhi zisizolipiwa kodi, na hapo ikagusa mali ya wenye nguvu. Tarehe 15 Desemba 1960 mfalme alitumia jeshi kumkamata Koirala, aliyekaa kizuizini takriban miaka minane. Vyama vilipigwa marufuku, na mwaka 1962 ukaanzishwa mfumo wa mabaraza, Panchayat, uliosifiwa kuwa unafaa mazingira ya Nepal. Kilichoufaa zaidi ni kiti cha mfalme, kwa kuwa kila ngazi iliishia ikulu.

Maandamano ya wanafunzi ya mwaka 1979 yalimlazimisha Mfalme Birendra kuitisha kura ya maoni. Mwaka uliofuata Panchayat ilishinda kwa takriban asilimia 55. Haikudumu. Aprili 1990 maandamano makubwa yalirudisha vyama vingi, na katiba mpya ikamfanya mfalme kuwa chini ya sheria. Serikali zilizofuata zilipokezana kwa kasi, na vijiji vya milima ya magharibi vikaendelea kusahauliwa. Huko ndiko Wamaoisti wa Pushpa Kamal Dahal, maarufu kwa jina la Prachanda, walikoanzisha vita Februari 1996. Watu wapatao 17,000 walikufa.

Tarehe 1 Juni 2001 Birendra, malkia na ndugu zao waliuawa kwa risasi ikuluni. Uchunguzi rasmi ulimtaja mwana wa mfalme, Dipendra, kuwa muuaji. Wanepali wengi hawakuuamini. Gyanendra alitawazwa kwa mara ya pili, na Februari 2005 akatwaa madaraka yote. Kwa kufanya hivyo aliwaunganisha waliokuwa maadui: vyama saba na Wamaoisti walielewana, na siku 19 za maandamano mnamo Aprili 2006 zikamfanya asalimu amri. Mkataba wa amani ulitiwa saini Novemba.

Bunge la katiba lililoahidiwa na Tribhuvan lilichaguliwa Aprili 2008. Kati ya wajumbe 601, wanawake walikuwa 197. Tarehe 28 Mei lilifuta ufalme kwa kura 560 dhidi ya 4. Gyanendra alikabidhi taji, lenye vito na manyoya ya ndege wa peponi, akaondoka ikulu ya Narayanhiti, nayo ikageuzwa makumbusho.

Bunge hilo lilivunjika mwaka 2012 bila katiba. La pili liliharakishwa na tetemeko la Aprili 2015, lililoua karibu watu 9,000, na Septemba mwaka huo katiba ya shirikisho la majimbo saba ikatangazwa. Wamadhesi wa Terai waliikataa kwa jinsi ilivyochora majimbo, na mpaka wa India ulizibwa kwa miezi kadhaa huku mafuta na dawa zikiadimika.

Tangu hapo K. P. Sharma Oli, Prachanda na Sher Bahadur Deuba walipokezana uwaziri mkuu. Septemba 2025 serikali ya Oli ilifunga mitandao ya kijamii, na vijana waliokwisha kuchoshwa na ufisadi wakaingia barabarani. Polisi walifyatua risasi. Kesho yake bunge na Singha Durbar, kasri la Rana lililokuwa makao ya serikali, viliteketezwa. Oli alijiuzulu. Jaji mkuu mstaafu Sushila Karki, mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu wa Nepal, alikabidhiwa serikali ya mpito, na uchaguzi ukapangwa kufanyika tarehe 5 Machi 2026.