Klabu Kumi na Mbili: Birmingham na Mlango wa Ligi

Tarehe 2 Machi 1888, muuza vitambaa mmoja wa Aston, kandokando ya Birmingham, aliandika barua. Jina lake William McGregor, Mskoti aliyehamia huko kutafuta maisha, naye alikuwa mmoja wa viongozi wa klabu ya Aston Villa. Barua ilikwenda kwa klabu chache zenye nguvu, zikiwemo Blackburn Rovers, Preston North End, Bolton Wanderers na majirani wa West Bromwich Albion. Shauri lake lilikuwa jepesi: klabu 10 au 12 mashuhuri zipange ratiba moja, kila moja ikutane na nyingine nyumbani na ugenini. Tangu 1885 ilikuwa halali kumlipa mchezaji, na mshahara haungoji. Mechi za kirafiki, kwa upande wake, zilivunjwa ovyo. Mgeni akipata mechi ya kombe, haji, na watazamaji hurudi makwao na hasira. McGregor alifikiri kama mwenye duka: mteja lazima ajue ni siku gani mlango utakuwa wazi.

Tarehe 17 Aprili mwaka huohuo, mjini Manchester, ligi ikaundwa. Klabu 12, sita za Lancashire na sita za maeneo ya kati ya Uingereza.

Miaka 133 na siku moja baadaye, tarehe 18 Aprili 2021, klabu nyingine 12 zilitangaza Super Ligi ya Ulaya. Sita zilikuwa za Uingereza: Arsenal, Chelsea, Liverpool, Manchester City, Manchester United na Tottenham. Aston Villa, bingwa wa Ulaya wa 1982, haikuwamo. Katika mabishano ya mashabiki yaliyofuata, hoja iliyosikika zaidi ni kwamba mila ya mchezo imevunjwa. Hoja hiyo ina ukweli, lakini katika Birmingham hasa haiwezi kusemwa bila kujikwaa, kwa kuwa ligi ya McGregor nayo ilikuwa ya wateule waliojiteua. Na mwaka 1992, klabu 22 zilipojitenga kuanzisha Ligi Kuu kwa ajili ya fedha za televisheni, Villa ilikuwa miongoni mwa waliojitenga.

Basi tofauti ilikuwa wapi? Jibu liko upande wa pili wa jiji, kwa watani wa jadi wa Villa. Mwaka 1888 Small Heath, ambayo leo ni Birmingham City, ilibaki nje. Hapakuwa na njia ya kupanda kwa ushindi. Klabu nne za mkiani ziliomba kura za wenzao ili zibaki, na aliye nje aliomba pamoja nazo. Daraja la pili lilipoanzishwa mwaka 1892, Small Heath ikawa bingwa wake wa kwanza. Hata hivyo haikupanda. Ililazimika kucheza mechi ya mchujo na klabu iliyoshika mkia daraja la kwanza, ikatoka sare, na katika marudiano ikafungwa 5-2. Iliyonusurika iliitwa Newton Heath, na leo inaitwa Manchester United. Mwaka uliofuata Newton Heath ilishika mkia tena, safari hii ikafungwa na Liverpool katika mchujo na kushuka; Small Heath ikapanda. Baadaye, mwaka 1898, mchujo ulifutwa, na kupanda na kushuka kukawa jambo la msimamo wa ligi peke yake.

Ligi ile ilizaliwa na ubinafsi, lakini ndani ya miaka kumi ilikuwa imetoboa mlango katika ukuta wake. Super Ligi ilitaka kuuziba: klabu 15 za kudumu, zisizoweza kushuka hata zikifungwa kila wiki, na nafasi tano tu kwa wageni. Manchester United na Liverpool, zilizowahi kukutana kwenye mlango huo, zilikuwa miongoni mwa waashi.

Jambo la pili linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Siku zile iliripotiwa kwamba baadhi ya wahusika wa mpango waliwaita mashabiki wa mitaani Uingereza “mashabiki wa urithi”, tofauti na wale wa kesho, walio mbali. Hao wa mbali ni pamoja na wanaojibana katika vibanda umiza vya Dar es Salaam na Mombasa kila Jumamosi. Walitajwa kama soko, kuulizwa, hawakuulizwa.

Wangeulizwa, wangeweza kumtaja Mbwana Samatta. Kijana wa Mbagala alipita Simba, akapita TP Mazembe ya Lubumbashi, akafika Genk. Genk ilitwaa ubingwa wa Ubelgiji mwaka 2019, na kwa ubingwa huo ikaingia Ligi ya Mabingwa. Samatta akafunga Anfield, mbele ya Liverpool. Januari 2020 alisajiliwa na Villa, iliyokuwa imeshuka daraja mwaka 2016 na kurejea 2019. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza na kufunga katika Ligi Kuu ya Uingereza, na Machi 1 akaifunga Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi, ingawa Villa ilipoteza 2-1. Genk na Villa, ngazi mbili za safari hiyo, hazikuwa na kiti miongoni mwa wale 12.

Mpango uliporomoka kwa saa 48 hivi. Usiku wa Aprili 20 klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujitoa au kuanza kujitoa, na kesho yake City ilikuja Villa Park, ikashinda 2-1. Majukwaa yalikuwa matupu kwa sababu ya UVIKO. Nje ya uwanja, sanamu ya McGregor ilikuwa imesimama tangu 2009.

Afrika Mashariki nayo ilipata mtihani wake. Oktoba 2023 Ligi ya Soka ya Afrika ilifunguliwa Dar es Salaam kwa sare ya 2-2 kati ya Simba na Al Ahly. Haikuwa ya kujitenga, kwani iliandaliwa na CAF yenyewe. Lakini klabu zake nane ziliingia kwa mwaliko. Yanga, bingwa wa Tanzania na mshindi wa pili wa Kombe la Shirikisho mwaka huohuo, ilibaki kutazama. Ni vigumu kuamini kwamba mashabiki wa Msimbazi walikosa usingizi kwa hilo.

Msimu wa 2024/25 Villa ilirudi katika mashindano ya mabingwa wa Ulaya kwa mara ya kwanza tangu 1983, na Oktoba 2 ikaifunga Bayern Munich 1-0, matokeo yaleyale ya fainali ya 1982. Msimu huohuo Birmingham City ilikuwa daraja la tatu. Ilipanda kwa pointi 111.