Kiingereza cha Ofisini, Lugha Zetu za Sokoni

Ndugu zetu, wiki hii tunaongea juu ya lugha. Ukipita sokoni Koboko utasikia Kikakwa, Kilugbara, Kinubi, Lingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, kabla hata hujamaliza kununua nyanya. Kiingereza hapo ni kidogo tu. Lakini ukifika ofisini, kila karatasi ni Kiingereza. Hiyo tofauti ilitoka wapi?

Eneo hili lilikuwa ndani ya Lado, chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mwaka 1910 likapewa Sudan, na 1914 likaingia Uganda. Mipaka ikawakata Wakakwa, ndiyo maana leo wako Uganda, Sudan Kusini na Kongo. Waingereza walileta Kiingereza cha ofisi. Vijana walioandikwa jeshini, King's African Rifles, wakarudi na Kiswahili.

Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Haikushika. Watu wengi wa kusini walikuwa wamekizoea Kiswahili mdomoni mwa askari, na waliogopa. Amin alipoanguka 1979, watu wa West Nile wenyewe walikimbilia Sudan na Zaire, wakajifunza lugha za huko. Kwa hiyo mzee mwenyeji akikujibu kwa Lingala, usishangae: labda naye aliwahi kuwa mkimbizi kama sisi.

Mwaka 2005 katiba ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Ni vizuri, ila cheo peke yake hakitoshi. Tazameni Ireland: Kiayalandi ndiyo lugha rasmi ya kwanza kwa katiba yao ya 1937, na watoto wanasoma shuleni. Katika sensa ya 2022, watu kama milioni 1.9 walisema wanakijua, lakini wanaokiongea kila siku nje ya shule ni kama 72,000 tu. Nyumbani na kazini, Kiingereza kimeshinda.

Kwetu ni kinyume: lugha zetu zina watu, hazina karatasi. Hapo ndipo tunaumia. Mama anafika kliniki, maelezo ya dawa ni Kiingereza, na mkalimani ni binti yake wa miaka 12. Kuna ugonjwa mama hawezi kuutaja mbele ya mtoto wake. Basi ananyamaza, anarudi nyumbani nao.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kufungua fomu, ulizeni kwanza: "Mama, unaongea lugha gani?" Halafu tafuteni mkalimani mtu mzima. Hapa kambini wapo wengi, tena wanatafuta kazi.

Na sisi vijana, tusome Kiingereza kwa bidii, kinatufungulia milango. Lakini tukifika nyumbani, bibi tumsalimie kwa lugha yake. Tukiacha sisi, wadogo zetu wataisikia kwa nani?