Meno kulegea mapema: urithi wa jamaa unaingia wapi?

Tuseme mu parsele moja ya Kikula, hapa Likasi, kuna ndugu wawili. Wanakula bukari ileile na wanatumia dawa moja ya meno. Mmoja anafika miaka 50 na meno yote. Mwengine, meno yanatikisika hata 20 hajafikisha. Hapo maneno ya bulozi yanaanza, na pesa zinapotea bure.

Ugonjwa wenyewe unaitwa parodontiti. Mikrobe zinajikusanya ndani ya uchafu wa meno, chini ya ufizi. Mwili unapigana nazo, na mu ile vita mfupa unaoshika jino unaliwa. Jino linaanguka zima, bila kuoza. Namna mwili unavyopigana, sehemu kubwa inatoka kwa wazazi.

Kule Sri Lanka, watafiti walifuata wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai kuanzia 1970. Hawakuwa na desturi ya brosi wala munganga wa meno. Uchafu ulijaa kwa wote. Hata hivyo, karibu 8 kwa mia waliharibika mbio, 81 polepole, na 11 ufizi ulivimba tu. Mu Marekani, utafiti wa jozi 117 za mapacha, uliotolewa mwaka 2000, ulikadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu inatokana na urithi.

Kwa wengi si jene moja, ni nyingi ndogondogo. Tumbaku na ugonjwa wa sukari vinaongeza mzigo. Lakini kuna ugonjwa wa nadra ambao jene moja inatosha: Papillon-Lefèvre, jina la banganga wawili Wafaransa walioueleza mwaka 1924. Ngozi ya viganja na nyayo inakuwa ngumu, na meno ya utoto yanaanguka mapema, kisha yale ya ukubwa. Baba na mama wanaweza kuibeba jene hiyo, na meno yao mazima.

Tena, si kila kinachofuata jamaa ni damu. Mu Moroko, vijana wenye mikrobe aina ya JP2 ndio walipata ugonjwa zaidi, na mikrobe inaweza kupita kwa mate, mzazi hadi mtoto.

Mzazi aliyepoteza meno angali kijana amwambie munganga wa meno, na watoto wapimwe hata bila maumivu, maana mwanzoni hauumi. Kwa vijana unapenda kuanzia meno ya mbele na magego ya kwanza. Kusafishwa chini ya ufizi, pengine pamoja na antibiotiki, kunaweza kuusimamisha. Mfupa ulioliwa, kwa kawaida haurudi wote.