Nyaya Zilizosikia Ardhi Kabla Yetu

Ukiketi alfajiri kibarazani Mlali, chini ya milima ya Uluguru mkoani Morogoro, lori la mboga linaloteremka kutoka Mgeta unalijua kabla hujaliona. Maji kwenye beseni yanachora miduara, kifuniko cha sufuria kinagongagonga, ndipo muungurumo unafika, lori likielekea Sangasanga na barabara kuu na shehena yake ya kabichi. Ardhi imekwisha kutoa habari. Wenyeji wanalijua hilo tangu zamani. Wanasayansi wamehitaji zaidi ya karne moja kujifunza kulisoma kwa waya.

Mwaka 1879 waya wa telegrafu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar, ukaendelea kusini mpaka Durban. Ulibeba bei za wafanyabiashara na amri za serikali. Lakini waya wa baharini hukatika, na mwishoni mwa karne ya 19 Mwingereza John Milne, aliyefundisha Japani miaka mingi, alikusanya taarifa za kukatika huko na kuhusisha mengi yake na matetemeko ya chini ya bahari. Ushahidi mzito ulikuja tarehe 18 Novemba 1929, pale tetemeko la karibu na Newfoundland lilipofuatiwa na kukatika kwa nyaya 12 za Atlantiki, baadhi moja baada ya nyingine kwa saa kadhaa. Mwaka 1952 Bruce Heezen na Maurice Ewing walizipanga saa hizo, wakatambua kuwa ni tope lililoporomoka kwenye mteremko wa bahari, wakakokotoa hata kasi yake. Waya ulikuwa shahidi, ila ushahidi wake ulitoka kwa kufa.

Kioo kikaugeuza kuwa shahidi aliye hai. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walionyesha kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kinaweza kusafirisha mwanga mbali, na hapo ndipo ilipoanzia faiba tunayoijua leo. Uzi wenyewe ni mwembamba kama unywele, na hata uwe safi namna gani, ndani yake mna dosari ndogo ndogo zinazorudisha punje ya mwanga nyuma. Kwa fundi wa mawasiliano huo ni upotevu. Kwa anayesikiliza ardhi, ndiyo mali yenyewe: ukituma mipigo ya leza maelfu kwa sekunde, mwanga unaorudi unaeleza kila kipande cha uzi kimevutwa au kubanwa kiasi gani, na kipo mita ya ngapi. Mkongo wa kilomita 15 uliofukiwa Iceland mwaka 1994 kwa ajili ya simu ulitumiwa hivyo na Philippe Jousset na wenzake; matokeo yao ya mwaka 2018 yalionyesha matetemeko madogo na nyufa za ardhi zilizokuwa hazijulikani. Pasadena, Marekani, tarehe 1 Januari 2020, kikosi cha Zhongwen Zhan kiliyafuatilia magari ya gwaride la Mwaka Mpya yakipita barabarani, kwa nyuzi zilizokuwa zimelala bila kazi.

Kwetu Tanzania nyuzi zipo. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulitua Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa, ulioanza kujengwa miaka hiyo hiyo, unapita Morogoro. Na ya kusikiliza yapo: tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa maelfu ya nyumba.

Hata hivyo kwa Uluguru hofu yangu kubwa ni mlima wenyewe. Februari 1970, huko Mgeta, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha kwa muda usiozidi saa 3, na udongo ukaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Paul Temple na Anders Rapp waliyahesabu makovu ya maporomoko hayo moja moja: karibu yote yalikuwa mashambani na kwenye nyasi, msituni machache mno. Ilikuwa kazi kubwa na ya kuheshimiwa, lakini ilianza baada ya mlima kuanguka.

Hapa ndipo lori la kabichi linaponigusa. Mtetemo wake hupita kwenye udongo kabla ya kuufikia uzi, na udongo uliolowa huupitisha polepole kuliko ulio mkavu. Watafiti wameshatumia mitetemo ya magari kufuatilia maji ardhini kwa njia hiyo. Uzi uliofukiwa kandokando ya barabara ya mlimani ungeweza kueleza, wakati wa masika, mteremko umeshiba kiasi gani.

Anayesoma alama za mitetemo kwenye uzi huanza kwa kutenganisha sauti. Gari huacha mstari unaosogea mita kwa mita kufuata barabara. Tetemeko la mbali hugusa uzi mzima karibu kwa pamoja. Kwa msomaji wa kwanza wa Mlali, alama ya kuanzia kujifunza ingekuwa ile ya alfajiri, lori likishuka na mzigo, kisha jioni likipanda tupu.