Kericho kwa Magurudumu Mawili

Tarehe 3 Desemba 2001, katika bustani ya Bryant Park jijini New York, mvumbuzi Dean Kamen aliwaonyesha watazamaji wa televisheni chombo ambacho kwa karibu mwaka mzima kilikuwa kikitajwa kwa minong'ono tu. Kilikuwa kibao cha kusimamia chenye gurudumu kulia na gurudumu kushoto, na mpini wa kushika. Mpandaji akiinama mbele kinakwenda. Akijirudisha nyuma kinasimama. Kamen alitarajia kwamba kufikia mwisho wa 2002 angekuwa akiuza Segway 10,000 kila wiki. Uzalishaji ulipokoma mwaka 2020, vilivyokuwa vimeuzwa kwa jumla ni kama 140,000.

Wafanyakazi wa ofisini waliotazamiwa kukinunua waliendelea na magari yao. Waliokipenda ni walinzi, polisi wa miji kadhaa, na zaidi ya wote watembezaji watalii. Chicago, Paris na Barcelona zilizoea kuona msururu wa wageni wenye kofia ngumu wakimfuata kiongozi wao kutoka sanamu hadi kanisa. Ilifika mahali wenyeji wakachoka. Mwaka 2016 baraza la jiji la Prague lilipiga marufuku Segway katika mji wake mkongwe. Hata hivyo, watembezaji hao walikuwa wameshajua kwamba miji mingi ya kihistoria ni mikubwa mno kwa mguu, midogo mno kwa basi, na inataka saa mbili tu na mtu wa kuieleza.

Kericho ni mji wa namna hiyo. Uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na chai pande zote, na mwenye magurudumu mawili hapa ni bodaboda. Mgeni akishuka matatu kutoka Nakuru au Kisumu, kwenye steji atasalimiwa "Chamgei!" na vijana watatu kwa mpigo, kila mmoja akidai kuujua mji kuliko mwenzake. Aliyepanga ziara akitaja anachotaka kuona, jibu linajulikana: majani chai, kiwanda, picha, kurudi. Njia hiyo haikubuniwa na vijana wa steji. Ilichongwa na kampuni za chai zaidi ya nusu karne iliyopita, na ina mengi inayoyapita bila kusimama.

Mahali pa kuanzia pamezoeleka: Tea Hotel, kando ya barabara ya Nakuru. Ilijengwa na kampuni ya Brooke Bond miaka ya 1950, na kwa miaka mingi mgeni aliyetaka kutembezwa mashambani aliulizia hapo hapo mapokezi. Bustani yake inateremka kuelekea kwenye chai, kiasi kwamba anayekunywa kikombe chake nje anautazama mmea uliomletea kinywaji. Ni mandhari mazuri, hakuna ubishi. Lakini hoteli ya kampuni humwonyesha mgeni mali ya kampuni, na hadithi inayosimuliwa kutoka baraza lake huanzia pale kampuni ilipowasili.

Hadithi yenyewe ilianza kabla ya hapo, na kwa risasi. Mwaka 1905 Waingereza walituma msafara wa kijeshi dhidi ya Wakipsigis wa Sotik, upande ambao leo ni Kaunti ya Bomet, wakatumia bunduki za Maxim. Oktoba mwaka huo huo, kwa jirani zao Wanandi, Orgoiyot wao, yaani kiongozi wa kiroho, Koitalel arap Samoei, aliuawa na afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Wakipsigis nao walikuwa na Orgoiyot wao, Kipchomber arap Koilegen, nduguye Koitalel. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilimhamisha pamoja na ndugu zake wawili, na hakurudi tena.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Wakipsigis ilipewa wateja wa ajabu kidogo. Mwaka 1919 ulianzishwa mradi wa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani, ukijulikana kwa kifupi BEADOC, nao ukapewa ekari 25,000 za Kericho. Walikusudia kulima kitani, zao lililokuwa na bei ya juu kwa sababu mabawa ya ndege za vita yalifunikwa kwa kitambaa chake. Vita vikaisha, bei ikaporomoka, mradi ukafilisika ndani ya miaka michache. Maafisa wengine walikuwa wamepoteza mkono au mguu, na hawakuwahi kushika jembe maishani. Ni sura ambayo ingefaa kusimuliwa mbele ya kila mgeni, kwa sababu bila kushindwa kwa kitani huenda chai isingepata nafasi yake. Ardhi hiyo haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 Brooke Bond na James Finlay walinunua maelfu ya ekari, wakaanza kupanda.

Chai ilikuwa imeshajaribiwa Limuru tangu 1903, lakini Kericho ilikuwa na kila kitu kwa pamoja: udongo mwekundu wenye tindikali, baridi ya wastani na mvua ya karibu kila alasiri. Mvua hiyo ndiyo inayomfanya bodaboda mwenye uzoefu asisitize ziara iwe ya asubuhi. Na si mvua ya maji pekee. Ukanda huu ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani, na miaka ya 1960 kampuni zilikodi ndege za kurushia mawingu kemikali ili mawe yasiumbike. Mwanasayansi Russell Schnell alikuja na wazo lililowashangaza wengi: kwamba mabaki ya majani chai yanayotimuliwa na miguu ya wachumaji huenda yenyewe yanasaidia barafu kuganda mawinguni. Vipimo vyake vilionyesha kwamba vumbi la majani hayo lina uwezo huo kweli. Yaani shamba linaweza kushiriki kujiletea mawe yanayolipiga.

Kutoka hotelini pikipiki inaingia mjini. Kanisa dogo la mawe la Holy Trinity lina umbo la kanisa la kijiji cha Uingereza, limewekwa katikati ya miti ya Afrika; walowezi walijijengea walichokuwa wakikikumbuka. Mwendo mfupi kutoka hapo kuna jengo la imani nyingine kabisa, gurdwara ya Masingasinga, mojawapo ya kubwa kabisa barani. Imejengwa kwa heshima ya Sant Puran Singh, aliyezaliwa India mwaka 1898, akafika Kenya akiwa kijana mwaka 1916, kisha akaishi Kericho kwa miongo kadhaa kama fundi mwenye karakana yake. Miaka ya 1970 alihamia Uingereza, na huko Birmingham wafuasi wake waliunda jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha. Mpaka leo wanamtaja kwa jina la mji huu: Kerichowale, yule wa Kericho. Kila mwaka mahujaji hufika, na kama ilivyo desturi ya gurdwara popote, mgeni yeyote hupewa chakula bila malipo na bila kuulizwa dini. Mgeni anayefuata njia ya majani chai tu hupita nje ya jengo hili akidhani ni hoteli ya kifahari.

Kanisa Kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu ndilo jipya kuliko yote. Lilitabarukiwa Mei 2015, lilichorwa na kampuni ya usanifu ya John McAslan ya London, na linabeba waumini 1,500. Paa lake refu la vigae linapanda kadiri mtu anavyokwenda kuelekea altare, na ndani mbavu za zege zinaibeba dari ya mbao. Mafundi wengi waliolijenga ni wa Kenya, na hilo linaonekana kwenye kazi ya mawe na mbao. Anayedai kwamba majengo ya kutazamwa Kericho ni yale ya mkoloni pekee aletwe hapa.

Kisha chai yenyewe. Hapa njia ya zamani ya kampuni haina kosa, kwa kuwa hakuna anayekuja Kericho asiingie shambani. Kilomita nane hivi mashariki mwa mji, kandokando ya barabara ya Nakuru, kuna bustani ya miti ya Chagaik pamoja na bwawa lake, iliyoanzishwa miaka ya 1940 na mlowezi Tom Grumbley. Kote kuzunguka ni vichaka vilivyosawazishwa hadi kiunoni. Mchumaji wa mkono huchukua majani mawili na kichipukizi, anarusha kapuni mgongoni, anasonga. Majani hayo lazima yafike kiwandani mapema, yasije yakajichoma kwa joto lao wenyewe. Huko hunyaushwa kwa upepo, hupitishwa kwenye mitambo ya kuyakata na kuyaviringa, huachwa yageuke rangi kutoka kijani hadi shaba, hukaushwa, kisha huchekechwa kwa madaraja. Yaliyo mengi huishia kwenye mnada wa Mombasa, ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 na kuhamia pwani mwaka 1969.

Siku hizi mgeni anaweza asimwone mchumaji hata mmoja. Mashine zimechukua sehemu kubwa ya kazi katika mashamba ya kampuni, na hilo limeleta uchungu. Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine kadhaa za kuchumia chai Kericho, na mtu mmoja alipoteza maisha. Kwa upande mwingine kuna wakulima wadogo. Enzi za ukoloni Waafrika kama wao walizuiwa kupanda chai hadi miaka ya 1950. Tangu KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ianzishwe mwaka 1964, ukanda wa Litein hadi Mogogosiek na Kapkoros, kuelekea Bomet, umejaa mashamba ya familia. Humo ndimo neno bonasi, yaani malipo ya nyongeza ya chai, huinua au kushusha mioyo ya watu kila mwaka. Ziara iliyopangwa vizuri ingesimama walau dakika kumi kwenye kituo kimoja cha kununulia chai, wakulima wakiwa wamepanga foleni na mizigo yao kusubiri mizani. Kuna kujifunza zaidi pale kuliko kwenye mitambo yote ya kiwandani.

Kinachokosekana kabisa kwenye njia iliyozoeleka ni Watalai. Hao ni ukoo wa Orgoiyot, na serikali ya kikoloni iliwaogopa hata baada ya kuwaondoa viongozi wao. Mwaka 1934 ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha, na watu karibu 700, watoto kwa wazee, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, sehemu ya joto, mbung'o na malaria. Walikaa huko karibu miaka thelathini. Waliporudi uhuru ulipokaribia, mashamba yao ya zamani yalikuwa yameshikwa na wengine, mengi yakiwa chini ya chai. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali madai ya Wakipsigis na Watalai kuhusu dhuluma hizo za kihistoria. Mwaka 2021 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walionyesha wasiwasi wao hadharani. Na Agosti 2022 kesi ikafikishwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu dhidi ya Uingereza.

Habari hiyo haina jengo la kupigwa picha, na pengine ndiyo sababu watembezaji huiruka. Lakini haihitaji jengo. Mtu akisimama juu ya kilima chochote nje ya mji, anayaona mashamba yanayogombaniwa kwa mtazamo mmoja. Kijana wa bodaboda aliyesoma Kericho, ambaye nyanya yake bado anamwekea maziwa ya mursik kwenye kibuyu, mara nyingi anajua zaidi ya vile anavyoulizwa. Anayelipia kuonyeshwa chai huonyeshwa chai. Anayeuliza ardhi hii ilikuwa ya nani atasikia mengine, na mara nyingi kwa sauti yenye hasira.

Majina ya wenye mashamba nayo yamebadilika kiasi cha kumchanganya hata mwenyeji. Brooke Bond ilinunuliwa na Unilever mwaka 1984. Mwaka 2022 Unilever ikauza biashara yake ya chai kwa kampuni ya uwekezaji ya CVC Capital Partners. Mashamba ya Finlay yakaenda kwa Browns Investments ya Sri Lanka, na mwaka 2024 ikatangazwa kwamba yale yaliyokuwa ya Unilever nayo yangeuzwa kwa Browns hao hao, safari zote mbili kukiwa na ahadi ya asilimia 15 ya hisa kwa jamii ya wenyeji. Wazee wengi hawajishughulishi na hayo yote: kwao shamba bado ni la Brooke Bond.

Mwenye siku nzima badala ya saa mbili anaweza kuongeza Tenwek, nje kidogo ya Bomet, hospitali ya wamisionari iliyoanza mwaka 1937 na ambayo tangu 1987 imekuwa ikijitengenezea umeme kwa maporomoko ya mto Nyangores. Au aende kaskazini hadi Fort Ternan, penye shamba la Fred Wicker. Hapo miaka ya 1961 na 1962 Louis Leakey alipata mabaki ya Kenyapithecus, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 14 iliyopita, kabla ya kitani, chai na kesi za ardhi. Eneo hilo liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ila huko si mwendo wa ziara fupi, na kijana wa steji atataka bei nyingine, sehemu yake mkononi kabla ya kuwasha pikipiki, tena safari ianze kabla ya saa tatu asubuhi.