Ushushaji wa Saspensheni: Istilahi na Maana Yake kwa Pikipiki za Safari

Ushushaji wa saspensheni ni kupunguza kimo cha pikipiki kwa kubadilisha springi, shokapu au viungo vinavyoshikilia magurudumu, ili mwendeshaji mwenye miguu mifupi aweze kukanyaga ardhi vizuri anaposimama. Hufanywa zaidi kwenye pikipiki za safari ndefu, hasa zile zilizoundwa kupita lami na vumbi, kwa kuwa ni ndefu, nzito na hubeba mizigo. BMW R 1250 GS, kwa mfano, ina kiti kilicho milimita 850 au 870 juu ya ardhi, kutegemea kimefungwa tundu gani, na uzito wake ikiwa imejazwa mafuta unakaribia kilo 250. Mtu anayefikia chini kwa ncha za vidole tu hana shida pikipiki ikiwa mwendoni. Shida humpata kwenye taa za barabarani, kwenye kokoto, au anapogeuza mahali penye mteremko huku masanduku yamejaa. Pikipiki nzito ikishainamia upande ambao mguu haufiki, ni vigumu sana kuizuia isianguke.

Jina na asili yake

Neno saspensheni lina chimbuko katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuning'iniza. Katika magari ya farasi ya Ulaya, behewa la abiria lilining'inizwa kwa mikanda ya ngozi ili mitikisiko ya barabara isiwafikie waliokaa ndani. Mwaka 1804, Obadiah Elliott alipata hataza nchini Uingereza ya springi za mapande ya chuma zenye umbo la yai, na behewa likaanza kuketi juu ya springi. Jina la zamani halikubadilika, ingawa hapakuwa tena na kitu kinachoning'inia.

Kwa sababu hiyo, tafsiri ya neno kwa neno kama "mning'inio" humpotosha msomaji. Katika gereji za Tanzania mafundi hutaja sehemu moja moja: springi, shokapu ya mbele, shokapu ya nyuma. Panapohitajika jina la mfumo mzima, saspensheni inafaa, mradi ifafanuliwe mara ya kwanza kuwa mfumo wa springi na shokapu. Sehemu hizo mbili zina kazi tofauti. Springi hubeba uzito na kujikunja gurudumu linapopanda tuta. Shokapu huzuia springi isiendelee kudunda baada ya tuta kupita. Fundi akigusa moja bila kufikiria ya pili, pikipiki huharibika tabia.

Kitenzi kushusha nacho kinaeleweka mara moja, lakini kinafunika kazi tatu ambazo matokeo yake hayafanani: kupunguza kiti, kulegeza springi, na kufupisha au kuhamisha saspensheni yenyewe. Pikipiki tatu zinaweza kuwa zimeshuka milimita 30 kila moja, na bado moja ikawa salama kama ilivyotoka kiwandani, ya pili ikagonga mwisho kwenye kila tuta, na ya tatu ikakwaruza lami kwenye kona. Msamiati wa fani hii hauna budi kuzitenganisha.

Vipimo vya msingi

Kimo cha kiti ni umbali wa wima kutoka ardhini hadi sehemu ya kiti iliyo chini zaidi. Kipimo hiki hakitoshi peke yake, maana kiti kipana humtanua mwendeshaji mapaja na kumfupishia miguu. Ndiyo sababu BMW huchapisha pia tao la ndani ya miguu, yaani urefu wa mstari unaoanzia ardhini upande mmoja, ukapita juu ya kiti, ukateremka hadi ardhini upande wa pili. Viti viwili vyenye kimo kimoja vinaweza kuwa na matao tofauti, na chenye tao fupi ndicho rafiki wa mwendeshaji mfupi.

Mwendo wa gurudumu ni umbali wote ambao gurudumu linaweza kusafiri kutoka linapokuwa limening'inia hadi saspensheni inapofika mwisho wa kubanwa. Kwenye pikipiki za safari za kundi la GS ni takribani milimita 200. Mdidimio ni sehemu ya mwendo huo inayotumika pikipiki ikiwa imesimama tu: sehemu ndogo kwa uzito wake yenyewe, na zaidi mwendeshaji anapokaa. Kanuni inayotumiwa sana ni kwamba mdidimio akiwa amekaa uwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote. Kwa mwendo wa milimita 200, hiyo ni milimita 50 hadi 66. Hupimwa kwa futi kamba kutoka ekseli ya nyuma hadi alama iliyowekwa juu yake kwenye bodi, kwanza gurudumu likiwa hewani, kisha mwendeshaji akiwa juu na mavazi yake yote. Ikiwa kipimo cha kwanza ni milimita 600 na cha pili 540, mdidimio ni 60, na springi iko mahali pake.

Mbano wa awali ni kiasi ambacho springi imekandamizwa kabla ya kubeba uzito wowote. Huongezwa au kupunguzwa kwa kuzungusha nati au kitasa. Mbano wa awali haubadilishi ugumu wa springi. Hubadilisha mahali ambapo pikipiki inakaa ndani ya mwendo wake.

Njia tatu

Njia ya kwanza ni kupunguza kiti. Kiti chembamba au chenye sponji iliyochongwa hupunguza kimo na tao bila kugusa magurudumu. Uwazi wa chini, yaani nafasi kati ya tumbo la pikipiki na ardhi, hubaki ule ule, na uendeshaji haubadiliki. Gharama yake ni starehe, kwa kuwa sponji nyembamba huchosha katika safari ya siku nzima, na magoti hukunjika zaidi kwa sababu kiti kimesogea karibu na vikanyagio. Buti zenye soli nene huongeza sentimita chache upande wa pili wa hesabu hiyo.

Njia ya pili ni kulegeza mbano wa awali. Ni rahisi na haihitaji kununua kitu, na kwa mtu mmoja ni sahihi kabisa: mwendeshaji mwepesi ambaye springi ya kiwandani haididimii vya kutosha chini yake. Waendeshaji wengi wafupi huangukia hapo. Akiwa na mdidimio wa milimita 35 tu, pikipiki inakaa juu kuliko ilivyokusudiwa, na kulegeza hadi 60 humpa kimo cha chini pamoja na saspensheni iliyo sawa. Lakini kulegeza kupita kiwango hicho ni kula akiba ya mwendo. Gurudumu hubakiwa na nafasi ndogo ya kupanda, na kwenye shimo la ghafla saspensheni hugonga mwisho. Mzigo au abiria akiongezwa, hali huwa mbaya zaidi.

Njia ya tatu ni kubadilisha saspensheni yenyewe, na hii ndiyo inayostahili kuitwa ushushaji kwa maana kamili. Nyuma kuna namna mbili. Namna ya kwanza ni kufunga shokapu fupi, au kuweka ndani ya shokapu kipande kinachoizuia kurefuka kikamilifu. Kwenye pikipiki yenye shokapu moja, gurudumu husafiri zaidi kuliko shokapu. Uwiano ukiwa 2.5 kwa 1, kufupisha shokapu kwa milimita 12 hushusha nyuma kwa milimita 30. Mwendo wa gurudumu hupungua, ila linapopanda kikamilifu bado halifiki kwenye mudigadi, kwa sababu mwisho wa juu haujabadilika.

Namna ya pili ni kubadilisha vile vyuma vya kiungo vinavyounganisha shokapu na mkono wa nyuma. Kwenye pikipiki nyingi, vyuma virefu zaidi hushusha nyuma. Ni vya bei nafuu na hufungwa kwa muda mfupi. Tofauti yake ni kwamba mwendo haupungui bali huhamia juu, hivyo saspensheni inapobanwa hadi mwisho tairi linaweza kugusa mudigadi au waya zilizopita juu yake. Uwiano wa kiungo pia hubadilika, na springi ile ile huhisiwa kuwa laini zaidi.

Mbele, kwenye shokapu za kawaida za mirija, fundi hulegeza bolti za vibano vya usukani na kupandisha mirija ndani yake. Milimita 20 za mirija hushusha mbele kwa karibu kiasi hicho hicho. Kabla ya kukaza, lazima ahakikishe kwamba shokapu ikibanwa yote tairi halitagusa rejeta wala kibano cha chini. Pikipiki za BMW zenye mfumo wa Telelever, uliotoka mwaka 1993 kwenye R 1100 RS, hazishushwi hivyo. Mirija yake huongoza gurudumu tu, na uzito hubebwa na shokapu moja iliyo katikati, kwa hiyo shokapu hiyo ndiyo inayobadilishwa.

Kinachopotea na kinachorekebishwa

Mwendo ukifupishwa, springi hubaki na umbali mdogo wa kumeza pigo lile lile. Kazi ya kubana springi hukua kwa mraba wa umbali. Kwa hiyo mwendo ukitoka milimita 200 hadi 170, springi inahitaji kuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38 ili ipokee pigo sawa bila kugonga mwisho. Mwendeshaji mwepesi anaweza kuvumilia ongezeko dogo kuliko hilo. Anayebeba abiria na masanduku hawezi kulipuuza.

Uwezo wa kulala kwenye kona nao hupungua. Ikiwa ncha ya kikanyagio iko milimita 350 kutoka katikati ya pikipiki na milimita 330 juu ya ardhi, itagusa lami pikipiki ikilala nyuzi 43 hivi. Kimo kikishuka milimita 30, itagusa kwenye nyuzi 40 na kidogo. Dereva aliyezoea kona za kasi atakutana na mkwaruzo mapema kuliko alivyotarajia.

Usukani hutawaliwa na vipimo viwili. Pembe ya usukani ni mlalo wa mhimili unaouzungusha. Mkokoto ni umbali, juu ya ardhi, kati ya mahali mstari wa mhimili huo unapogonga chini na mahali tairi la mbele linapokanyaga. Nyuma ikishushwa peke yake, pembe na mkokoto huongezeka, usukani huwa mzito wa kugeuka, na taa ya mbele humulika machoni mwa wanaokuja. Mbele ikishushwa peke yake, mkokoto hupungua na pikipiki hukosa utulivu kwenye mwendo mkali. Zikishushwa kwa kiasi sawa, vipimo hivyo hubaki karibu na vya kiwandani. Hilo ndilo sharti la kwanza la kazi nzuri.

Stendi ya pembeni ambayo haikufupishwa huifanya pikipiki isimame wima mno, na upepo au mteremko mdogo huiangusha upande wa pili. Stendi ya kati huwa ngumu kusimamishia pikipiki. Mnyororo hupimwa upya, maana mkono wa nyuma umebadili pembe, na taa hurekebishwa. Nchini Ujerumani vifaa vya kushushia huambatana na hati za kiufundi, na mara nyingi badiliko hukaguliwa na taasisi kama TÜV kabla ya kuandikwa kwenye kadi ya chombo. Hata mahali ambapo sheria haidai hivyo, kampuni ya bima inapaswa kuarifiwa.

Ushushaji wa kiwandani

Watengenezaji wamelitambua hitaji hili. R 1250 GS iliuzwa pia ikiwa na saspensheni ya chini yenye kiti cha milimita 800 au 820, springi, shokapu na stendi zikiwa zimelinganishwa pamoja. Hatua iliyofuata ni ushushaji wa muda. Harley-Davidson Pan America 1250 Special ya mwaka 2021 ilikuja na mfumo wa hiari unaoshusha pikipiki inapokaribia kusimama na kuinyanyua inapoondoka. R 1300 GS ya mwaka 2023 inaweza kuwa na mfumo wa namna hiyo, unaoshusha kiti kutoka milimita 850 hadi 820. Mwendeshaji hupata ardhi pale anapoihitaji, na mwendo wote wa gurudumu akiwa barabarani.

Kwa pikipiki isiyo na mfumo huo, mpangilio wa kazi unatokana na maana za istilahi zenyewe. Kwanza hupimwa mdidimio na kusahihishwa kwa uzito wa mwendeshaji. Kisha hujaribiwa kiti na buti. Ikibaki haja, saspensheni hushushwa mbele na nyuma kwa kiasi sawa, springi zikichaguliwa upya na stendi ikifupishwa, kwa kiasi kidogo kinachotosha kuweka nyayo ardhini.